UKUMBI WA WAZAZI: Mtoto Anabaki na Nani?



Wengi wetu hapa ugenini, tutumapo fedha nyumbani, hutaja shabaha yake: karo, madaftari, sare. Ni nadra kumsikia mtu akitaja malezi ya mtoto wa miaka miwili. Huyo tunamhesabu kuwa hana gharama, kwa sababu yupo wa kumbeba.

Mimi nilibebwa na dada yangu. Mama alikuwa akikaanga samaki sokoni, na karai la mafuta ya moto si mahali pa mtoto atambaaye. Basi dada akatolewa shule, darasa la nne. Nilipofika umri wa kusoma, mimi nilikwenda, yeye hakurudi. Nakiri kuwa sikulifikiria jambo hili hadi nilipopata wanangu.

Ndiyo maana habari za jimbo la Gaza, Msumbiji, zilinigusa. Mwaka 2008 shule za chekechea zilianzishwa katika vijiji 30 vya huko. Watafiti waliporejea mwaka 2010 walikuta kwamba watoto waliopitia chekechea hizo waliingia shule ya msingi kwa wingi kuliko wenzao. Zaidi ya hayo, walezi wao walikuwa wakifanya kazi zaidi, na ndugu zao wa miaka 10 hadi 14 walielekea zaidi kusoma. Gharama yake haikufika dola 3 za Marekani kwa mtoto kwa mwezi.

Hali kadhalika Korogocho, Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba akina mama waliolipiwa ada ya kituo cha kulelea watoto walipata ajira kwa pointi 8.5 za asilimia zaidi ya wasiolipiwa. Wasio na waume, ambao hufanya kazi wapende wasipende, waliweza kupunguza saa za kazi bila pato lao kushuka.

Sisemi kila kituo kinafaa. Vingine ni chumba kimoja, watoto tele, mlezi mmoja. Kabla ya kulipa, mwombe jamaa akaone kwa macho yake: watoto ni wangapi, choo kikoje, maji yanatoka wapi.

Mwezi uliopita nilituma ada ya mjukuu wa dada. Akaniuliza kwa simu ni fedha za nini. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kituo hufunguliwa saa ngapi.