Skrini Inayokunjwa na Mkono wa Fundi

Tangu miaka michache kumetokea aina mpya ya kompyuta isiyo na sehemu mbili, moja ya skrini na nyingine ya kibodi, bali ni skrini moja kubwa inayokunjwa katikati kama daftari. Lenovo ilitangulia mwaka 2020 kwa ThinkPad X1 Fold, yenye skrini ya inchi 13.3. Asus ikafuata mwaka 2022 kwa mashine ya inchi 17.3, HP mwaka 2023 kwa ya inchi 17, na Mei 2025 Huawei ikatangaza yake ya inchi 18. Mwaka 2024 Huawei hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutoa simu inayokunjwa mara mbili, ambayo ikikunjuliwa huwa tableti ya inchi 10.2.

Sisi huku Kongo twaziona hasa katika picha. Hata hivyo swali lake limekwisha kutufikia, kwa kuwa mashine nyingi tunazotumia hazikuchaguliwa na yule anayezitumia. Hutoka kwa ndugu aliyeko Ubelgiji, kwa mfanyabiashara arudiye kutoka Dubai, kwa rafiki wa parokia aliyeko ng'ambo. Ndugu huyo akituuliza, "Niwaletee nini?", tumjibuje? Maoni yangu ni kwamba tumwombe asituletee hii. Lakini yafaa kwanza kuutaja uzuri wake kwa haki, maana wapo wanaoubeza bila kuufikiria.

Mtu anayesoma sana kwenye kompyuta aijua taabu ya skrini ndogo. Ukurasa hauingii wote. Wausogeza juu, wausogeza chini, na mwishowe wapoteza mstari. Skrini ya inchi 17.3 ya ile mashine ya Asus ina upana wa sentimeta 35 hivi na kimo cha sentimeta 26. Karatasi nzima ya A4 yaweza kulazwa humo na nafasi ikabaki. Mwalimu wa kwaya angeona ukurasa mzima wa noti bila kukaza macho, na karani angeweka hesabu upande mmoja na barua upande wa pili. Kazi ikiisha, kitu chote hukunjwa kikawa kama daftari kubwa na kuingia mkobani, kikiwa na uzito wa kilo moja na nusu bila kibodi. Kwa mtu anayesafiri kwa pikipiki au kwa mashua, kupata meza pana inayobebeka kwapani ni jambo la kutamaniwa, wala si kiburi kulitamani.

Tena ufundi wake wastahili heshima. Katika skrini za kawaida iko taa nyuma, na picha huchuja nuru ya taa ile. Katika skrini ya OLED kila nukta hujiwakia yenyewe, kwa hiyo taa ya nyuma haihitajiki, na nukta hizo zaweza kutandazwa juu ya plastiki nyembamba badala ya kioo kigumu. Ndiyo maana skrini hukubali kupindwa. Samsung, ilipoandaa simu yake ya kwanza ya namna hii, ilisema imeikunja mara 200,000 katika majaribio, yaani mara mia kwa siku kwa zaidi ya miaka mitano.

Lakini majaribio ya kiwandani hufanyika mahali safi. Aprili 2019 simu hiyo ya Samsung, iliyopangiwa bei ya dola 1,980, iligawiwa kwa waandishi wa habari ili waijaribu. Kwa siku chache tu skrini kadhaa zikaharibika. Wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni ule wa kutupwa, kumbe ulikuwa sehemu ya skrini yenyewe. Nyingine ziliingiwa na takataka ndogo kupitia bawaba, zikavimba kwa ndani. Samsung iliahirisha mauzo hadi Septemba ili kurekebisha. Tangu hapo bawaba zimeboreshwa, tena sana. Hata hivyo, simu yake inayokunjwa ya mwaka 2024 ilipewa kiwango cha IP48, na tarakimu ile ya 4 maana yake ni kwamba imekingwa dhidi ya vitu vigumu vinavyozidi milimita moja. Vumbi jekundu la Lubumbashi wakati wa kiangazi, au lile jeusi la mawe ya volkano mjini Goma, lina chembe ndogo kuliko hiyo mara nyingi. Huingia sandukuni, huingia kabatini. Kwa nini lisiingie katika bawaba? Na uso wa skrini hizi, kwa kuwa ni laini, waweza kuchorwa na chembe moja ya mchanga.

Ndipo tunafika kwa fundi, na hapa ndipo naona uzito wa jambo lote.

Kila mji wetu una mafundi wa kompyuta, vijana wengi wao, wameketi nyuma ya meza yenye bisibisi na chombo cha kuchomelea risasi. Elimu yao wameipata kwa kufungua mashine zilizokufa. Wanajua kwamba skrini ya kompyuta moja ya kawaida mara nyingi huingia katika nyingine, kwa kuwa ukubwa na viungio vyake hufuata kipimo kinachofanana. Kompyuta iliyochakaa huko Ulaya huletwa hapa, huuzwa kwa dola mia chache, hutumika miaka kadhaa, huharibika skrini, hupewa skrini ya mwenzake aliyekufa, kisha huenda kwa mwenyewe wa pili na wa tatu. Mwanafunzi aliyeandikia kazi yake ya mwisho wa masomo juu yake humwachia mdogo wake. Huo ni uchumi mzima, haramu haumo ndani yake, nao umewapatia vijana wengi mkate.

Skrini inayokunjwa huukata mnyororo huo. Imegandishwa pamoja na bawaba yake, imetengenezwa kwa ajili ya mashine moja tu, na ikipasuka hakuna mwenzake sokoni wa kuazima. Betri nayo imegawanywa pande mbili za mkunjo. Fundi wetu, hata awe hodari namna gani, atabaki kukitazama kitu kile na kumrudishia mwenyewe kwa masikitiko. Simlaumu fundi. Mashine haikukusudiwa mkono wake.

Bei nayo isemwe, ingawa si ya kukawilisha. Asus iliuza yake kwa dola 3,499, HP kwa dola 4,999. Mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa shule ya msingi haufikii hiyo ya pili. Programu hazikufuata mwendo wa mashine vilevile: Microsoft ilitangaza mwaka 2019 Windows maalumu kwa kompyuta za skrini mbili, kisha mwaka 2021 ikaiacha, na nyingi za mashine hizi zikaendelea na Windows ya kawaida. Na mahali ambapo umeme hukatika kila jioni, hatuna budi kukumbuka kwamba skrini ya OLED hula betri zaidi inapoonyesha ukurasa mweupe, nasi tunaitaka hasa kwa kurasa nyeupe.

Liko jambo jingine, na sisi tunalijua kuliko wale wanaozinunua. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, Lualaba na Haut-Katanga, nayo huingia katika betri za kompyuta za kubebeka. Tantali inayopatikana katika koltani, kama ile ya Rubaya katika Masisi, huingia katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya mashine. Mtu atasema kwamba kompyuta ya kawaida nayo ina vitu hivyo. Ni kweli. Tofauti ni muda. Kompyuta inayotengenezeka na kuishi miaka kumi kwa mikono mitatu imelipa kiasi fulani cha jasho la yule aliyeshuka shimoni. Ile iliyokufa baada ya miaka mitatu kwa sababu ya chembe ya mchanga yadai shimo lingine. Sipendi tuwe watu wanaotoa madini mara mbili ili kupokea mashine mara moja.

Wako watakaonijibu kwamba kila chombo kipya kilianza hivyo, ghali na dhaifu, na kwamba hata simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Nakubali, na pengine baada ya miaka kumi skrini hizi zitakuwa imara, bei itashuka, na vipuri vitapatikana barabarani. Siku hiyo ikifika nitafurahi kuisoma barua hii kama kitu cha zamani. Lakini anayeletewa zawadi leo huitumia leo, na fundi anayemtegemea ni yule wa leo.

Basi ndugu wa ng'ambo akiuliza, aombwe kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, yenye skrini ya inchi 15 au zaidi, inayofunguliwa kwa bisibisi na ambayo betri yake yaweza kubadilishwa. Kama fedha yake imezidi, aongeze betri moja ya akiba na skrini nyingine ya kuweka mezani, ambayo kwa bei ndogo itatoa upana uleule. Na akiwa amekwisha kununua ile ya kukunjwa, tusimvunje moyo. Alete pamoja nayo kibodi yake, maana bila hiyo ni vigumu kuandika barua ndefu, na yule atakayeipokea asibandue utando wowote juu ya skrini, aifute kwa kitambaa laini kabla ya kuikunja, wala asiifunge kalamu ikiwa imesahauliwa ndani.