Takwimu ni Shahidi, Si Hakimu: Ubora wa Kwotabeki na Namna ya Kuupima

Wahenga walionya kwamba ukimwona simba amenyeshewa usimdhanie paka. Onyo hilo lina jirani yake: ukimwona paka ametunisha manyoya, usimdhanie simba. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kutazama kinachoonekana upesi na kukiacha kinachohitaji subira. Katika uhakiki wa fasihi kosa hili lina sura inayofahamika. Shairi laweza kuwa na mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vikalandana toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na bado likakosa uhai. Mizani imehesabiwa sawasawa. Kilichokosekana ni kile ambacho hesabu ya mizani haikuundwa kukipima.

Mahali pamoja ambapo suala hili huzua mabishano makali kila mwaka ni mbali na madarasa ya fasihi. Ni katika kandanda ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye ncha mbili unaofanana kwa mbali na raga, na mhusika wake mkuu ni mchezaji aitwaye kwotabeki. Je, ubora wa kwotabeki hujulikana kwa takwimu zake, kwa vikombe vyake, au kwa jicho la mtazamaji mjuzi? Makala haya yanashikilia kwamba takwimu ni shahidi asiyepaswa kunyimwa nafasi ya kusema, lakini hapaswi kukalia kiti cha hakimu. Aidha, yanashikilia kwamba anayemtimua shahidi huyo mahakamani hufungua mlango kwa dhuluma iliyo kubwa zaidi.

Kazi yenyewe

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kazi ya kwotabeki ielezwe. Timu huwa na wachezaji kumi na mmoja uwanjani, na ile inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Takriban kila jaribio huanza kwa mpira kutiwa mikononi mwa kwotabeki. Kabla ya hapo huwa ameitazama ngome ya wapinzani, amekisia walinzi watakwenda wapi, na pengine ameubadilisha mpango kwa kuwapazia wenzake sauti za mafumbo. Mpira ukishamfikia huwa na sekunde chache tu za kuamua: amrushie mwenzake aliyekimbia mbele, amkabidhi aliye karibu, akimbie nao mwenyewe, au autupe nje ya uwanja ili kunusuru hali. Wakati huohuo majitu yenye uzito unaozidi kilo 100 humjia mbio yamwangushe.

Kazi ya kwotabeki, basi, ni kuamua kabla ya kuwa ni kurusha. Mkono wake huonekana na kila mtu. Uamuzi wake hauonekani ila kwa anayejua ni mambo gani yaliyokuwa mbele yake alipochagua moja na kuyaacha mengine.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Mwaka 1973 ligi kuu ya Marekani, NFL, ilianza kutumia kanuni ya hesabu inayompa kila mrushaji alama moja. Kanuni hiyo huchanganya mambo manne: kiwango cha pasi zilizodakwa na wenzake, wastani wa yadi kwa kila pasi, kiwango cha pasi zilizozaa mabao, na kiwango cha pasi zilizonyakuliwa na wapinzani. Alama ya juu kabisa ni 158.3. Mambo haya manne yana maana. Hakuna kwotabeki anayesifiwa kwa kuwatunuku wapinzani mpira kila mara.

Hata hivyo, yaliyoachwa nje ya kanuni ni mengi. Kwotabeki akirusha pasi ya yadi tatu, naye mdakaji akawachenga walinzi wanne na kukimbia yadi 70 hadi akafunga, kwotabeki huandikiwa yadi 73 na pasi ya bao. Akirusha pasi safi ikamgonga mwenzake viganjani, ikadunda na kuangukia mikononi mwa mlinzi, kosa huandikwa kwa jina la kwotabeki. Akikimbia na mpira mwenyewe, kanuni haimtambui. Akiangushwa kwa kusitasita huku mpira ukiwa mkononi, kanuni haimlaumu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini alama hii hukipa kidole kimoja sifa za mkono mzima, na lawama zake pia.

Ni kweli kwamba hesabu zimeendelea. Tangu katikati ya miaka ya 2010 wachezaji wa NFL huvaa vifaa vidogo vya kielektroniki mabegani, vinavyoonyesha kila mmoja alikuwa wapi na alikwenda kwa kasi gani. Hivyo ugumu wa pasi waweza kukadiriwa, na aliyerusha kwa mdakaji aliyebanwa na walinzi wawili hatawekwa kapu moja na aliyerusha kwa mdakaji aliye peke yake. Maendeleo hayo yastahili pongezi. Lakini kifaa cha begani hakijui mpango uliokubaliwa kabla ya mpira kuanza ulikuwa upi, wala ni nani aliyeusahau.

Mtu mmoja, misimu miwili

Mfano mmoja watosha kuonyesha ugumu wa jambo hili, nao ni wa Peyton Manning. Katika msimu wa 2013, akiichezea Denver Broncos, Manning alirusha yadi 5,477 na pasi 55 za mabao, rekodi mbili za msimu mmoja katika historia ya NFL. Kwa hesabu tupu, hakuna aliyepata kurusha kama yeye. Tarehe 2 Februari 2014 timu yake iliingia fainali ya Super Bowl dhidi ya Seattle Seahawks. Katika mchezo wa kwanza kabisa mpira ulirushwa nyuma wakati ambapo yeye hakuwa tayari, ukampita na kuangukia eneo la goli lao wenyewe, wapinzani wakapata alama mbili za bure. Denver ilichapwa 43 kwa 8.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Katika msimu wa 2015 Manning alikuwa na umri wa miaka 39, mguu ukimsumbua, mkono umepungua nguvu. Alirusha pasi 9 tu za mabao, na 17 zikanyakuliwa na wapinzani. Kwa muda aliwekwa kando na nafasi yake ikashikwa na mwingine. Lakini tarehe 7 Februari 2016 timu hiyohiyo ilitwaa Super Bowl kwa kuishinda Carolina Panthers 24 kwa 10. Siku hiyo Manning alirusha yadi 141 tu, bila pasi hata moja ya bao. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Von Miller, mlinzi aliyemwandama kwotabeki wa Carolina mchana kutwa.

Basi ni Manning yupi aliyekuwa bora? Anayeabudu takwimu atamtaja wa 2013 na hatakuwa na la kusema kuhusu ile 43 kwa 8. Anayeabudu vikombe atamtaja wa 2015, na hapo atakuwa amempa mzee aliyechoka sifa za ngome nzima. Jibu la haki ni kwamba Manning wa 2013 alikuwa kwotabeki bora zaidi aliyeshindwa na timu bora zaidi, na kwamba wa 2015 alikuwa kwotabeki aliyejua nguvu zake zimekwisha, akajifunza kutoharibu alichojengewa na wenzake. Busara hiyo ya pili ni ubora wa aina yake, ingawa si ule ule wa kwanza.

Vipimo vinapopingana

Wako wanaodhani kwamba kikombe hukata shauri ambalo takwimu zimeshindwa kulikata. Dai hili halisimami. Trent Dilfer aliiongoza Baltimore Ravens kutwaa taji Januari 2001 kwa ushindi wa 34 kwa 7, lakini sifa ziliiendea ngome ya timu hiyo, na Dilfer hakubakizwa msimu uliofuata. Dan Marino wa Miami Dolphins alirusha yadi 5,084 na pasi 48 za mabao mwaka 1984, lakini alistaafu bila kuligusa taji hilo. Ni wachache mno wanaoweza kusema kwa dhati kwamba Dilfer alimzidi Marino.

Wengine hupima kwa pengo: mchezaji akiondoka, timu huwaje? Mwaka 2010 Indianapolis Colts ya Manning ilishinda mechi 10 na kushindwa 6. Mwaka 2011 Manning hakucheza kabisa kwa sababu ya upasuaji wa shingo, nayo Colts ikashinda mechi 2 na kushindwa 14. Kwa upande mwingine, Tom Brady wa New England Patriots aliumia katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008, lakini timu yake ilishinda mechi 11 kati ya 16 bila yeye. Kwa kipimo cha pengo, Manning alimzidi Brady kwa mbali. Kwa kipimo cha vikombe, Brady ana saba na Manning viwili. Vipimo viwili vinavyoheshimiwa vimetoa hukumu mbili zinazopingana, na hilo latosha kuonyesha kwamba hakuna kipimo kimoja kiwezacho kusimama peke yake.

Hatari ya jicho lisiloulizwa

Katika hatua hii msomaji aweza kufikia uamuzi wa haraka kwamba takwimu zitupwe, jicho la mjuzi litawale. Historia ya mchezo huu yapinga uamuzi huo kwa nguvu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na waamuzi wa kandanda ya Kimarekani waliivutia ngozi kwao kwa miongo mingi. Ilisemwa kwamba mchezaji mweusi ana miguu na mkono, lakini hana utulivu wa akili wala kipaji cha uongozi, na kwa hivyo hafai kuwa kwotabeki. Ambacho hakikuweza kupimwa ndicho kilichofanywa sababu ya kumnyima nafasi.

Mwaka 1968 Marlin Briscoe, kijana mweusi, alipewa nafasi hiyo Denver na akarusha pasi 14 za mabao katika msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata hakuendelea kuishika. Alikwenda Buffalo na huko akafanywa mdakaji. Warren Moon aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda mchezo wa Rose Bowl Januari 1978 na akateuliwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo, lakini katika uteuzi wa wachezaji chipukizi mwaka huo hakuna timu hata moja ya NFL iliyomchagua. Alihamia Canada, akatwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo akiwa na Edmonton, ndipo mlango wa NFL ukamfungukia mwaka 1984. Mwaka 2006 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Naye Doug Williams alipokuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, tarehe 31 Januari 1988, alirusha yadi 340 na pasi 4 za mabao. Kwake yeye takwimu zilikuwa kinywa cha mtu ambaye wengi hawakutaka kumsikia.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa porojo za mashabiki. Nyuma ya kila hukumu yuko mtu aliyepewa kazi au aliyenyimwa. Mtu anaposema kwamba mchezaji fulani ni bora "kuliko takwimu zake", au kwamba mwingine "hana kile kitu", yafaa aulizwe kitu hicho ni kipi, alikionea wapi, na kama angekiona vilevile kwa mchezaji wa rangi nyingine. Akishindwa kujibu, basi alichokiona ni chuki yake mwenyewe au mapenzi yake.

Hukumu ya haki

Hakimu mwadilifu, basi, afanyeje? Kwanza, na aisome hesabu yote, akijua kila nambari inahesabu nini na inaacha nini. Pili, na aitazame michezo yenyewe, tena zaidi ya mara moja, akiuliza swali ambalo nambari haziulizi: kwa alichokuwa nacho mbele yake, je, kwotabeki huyu alichagua vyema? Pasi iliyodondoshwa na mdakaji yaweza kuwa uamuzi bora wa siku nzima, na bao laweza kuzaliwa na uamuzi wa kipumbavu uliokingwa na bahati. Tatu, na amtazame katika hali mbalimbali: anapokuwa na wakingaji hodari na anapokuwa na dhaifu, timu inapoongoza na inapofuata nyuma, ujanani na uzeeni. Nne, na aziandike sababu zake, ili mwingine aweze kuzipinga.

Sharti hili la nne ndilo lenye uzito zaidi. Nambari ina sifa moja adhimu: yeyote aweza kuihesabu upya. Jicho halina sifa hiyo mpaka lilazimishwe kujieleza. Mhakiki wa ushairi asemaye kwamba shairi fulani lina uhai hudaiwa aonyeshe uhai huo umo katika taswira ipi na katika neno lipi. Hasamehewi kwa kuwa ni bingwa. Asamehewe vipi, basi, mhakiki wa kwotabeki?

Anayehesabu bila kutazama atamvisha paka ngozi ya simba. Anayetazama bila kuhesabu atamwona simba katika kila anayempenda, na paka katika kila asiyemtaka. Ubora wa kweli upo, nao wajulikana, ila haujulikani bure: humdai mwamuzi kazi ya mikono miwili, mmoja ukishika kitabu cha hesabu na mwingine ukifumbua macho yake mwenyewe.