Jiwe la Bach na nyatiti ya babu

Leo tuweke kando karo na mapishi, tuangalie juu kidogo.

Kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi mno yanayolizunguka jua. Wataalamu huyaita asteroidi. Hupewa nambari, na baadhi hupewa majina. Nambari 1814 linaitwa Bach, na 1815 linaitwa Beethoven, watunzi mashuhuri wa muziki. Yote mawili yaligunduliwa na Karl Reinmuth huko Heidelberg, Ujerumani, la kwanza mwaka wa 1931, la pili 1932.

Utasema, "Kumbe Wazungu wamejitwalia hata mbingu!" Ngoja kwanza. Nambari 1356 linaitwa Nyanza. Liligunduliwa mwaka wa 1935 na Cyril Jackson mjini Johannesburg, na jina lake ni la ule mkoa wetu wa zamani, uliokuwa na Migori na Homa Bay kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013. Macho matupu hayalioni, lakini lipo.

Habari hizo nilimpelekea mzee mmoja mpiga nyatiti, upande wa Ndhiwa. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Alicheka sana, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyo Bach alikufa lini?"

"Mwaka wa 1750, Jaduong'."

"Na nyimbo zake bado mnazo?"

"Tunazo."

Akanyamaza, akagusa kamba moja kati ya zile nane. "Zangu zote zimo kichwani humu. Na wajukuu wako Nairobi."

Sikuwa na jibu.

Msomaji, hata Bach alikaribia kusahaulika. Baada ya kifo chake, nyingi za kazi zake kubwa zilinyamaza kwa miaka mingi. Mwaka wa 1829, kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliongoza mjini Berlin ule muziki wa Bach kuhusu mateso ya Yesu kama alivyoyasimulia Mathayo, na watu wakamkumbuka mtunzi wao. Aliweza kwa sababu noti zilikuwa zimeandikwa na karatasi zikatunzwa. Kazi ilihifadhiwa duniani kwanza, jina likapanda mbinguni baadaye.

Nyatiti haina karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hugh Tracey aliwarekodi baadhi ya wapigaji wa Nyanza, na sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini. Je, waliokuja baada yao?

Wala usidanganywe na mtu anayekuuzia jina la nyota. Jina la asteroidi halinunuliwi. Mgunduzi hupendekeza, na kamati ya chama cha kimataifa cha wataalamu wa elimu ya nyota huidhinisha. Huenda siku moja akapendekezwa mpiga nyatiti wa kwetu. Lakini akiulizwa mtu huyo alitunga nini, sisi tutaonyesha nini? Kigoda kitupu?

Kwa hiyo, ukienda nyumbani likizo hii, usiishie kula samaki na kuuliza habari za ng'ombe. Mwombe babu ruhusa, uwashe simu yako, apige wimbo mmoja. Muulize aliuimba katika matanga ya nani, na mwaka gani. Andika jina lake na tarehe. Na wimbo huo ukileta pesa, usisahau kwamba mwenyewe ni mzee.

Mimi jioni ile nilirekodi nyimbo tatu, betri ikaisha. Nilipomuuliza zimebaki ngapi, mzee alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kumi, akaanza upya, kisha akaacha.

Nitarudi Ndhiwa mwezi ujao, na safari hii nabeba betri ya akiba. Wewe utakwenda kwa nani?

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.