Mwakirunge: tuogope mionzi au moshi?

Juzi baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja hapa Mwakirunge aliniuliza: "Mwanangu, hiyo mionzi wasemayo iko Kwale, haitatufika?" Sikushangaa. Tangu wakazi wa Uyombo, Kilifi, waandamane mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia, neno mionzi halitoki mabarazani.

Nilimjibu kuwa mionzi tunayo tayari, tangu enzi za mababu. Yatoka angani, ardhini, kwenye mawe ya nyumba, hata katika chakula. Kwa wastani, binadamu hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka. Penye thoriamu nyingi huzidi, kama kilima cha Mrima kule Kwale, kaya ya Wadigo. Lakini mionzi ya udongo wa Mrima haivuki Likoni ikatufuata. Hubaki na udongo wake, ila udongo wenyewe uchukuliwe ukajengewe nyumba.

Je, kiasi hicho chadhuru? Kule Kerala, India, pwani ya wavuvi na minazi kama yetu, mchanga una thoriamu. Watafiti walifuatilia watu karibu 70,000 kwa wastani wa miaka kumi, na matokeo yao ya mwaka 2009 hayakuonyesha saratani kuzidi. Hiyo si hati ya usalama. Wataalamu huchukulia kuwa kila kipimo huongeza hatari, japo kikiwa kidogo hatari yake ni vigumu kuitenga na saratani za kawaida. Na redoni, gesi itokayo ardhini na kujikusanya katika nyumba zisizopitisha hewa, katika nchi nyingi ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara.

Sasa turudi kwetu. Taka za mji zaletwa Mwakirunge. Plastiki zikiungua, moshi huingia hadi walalapo watoto. Huo hauhitaji mtambo kuuona. Twaogopa tusichokiona, na tukivutacho kila jioni tumekizoea.

Simlaumu mzee, ana haki ya kuuliza. Sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia, KNRA. Vipimo vya Mrima visomwe kwa Kiswahili, barazani, watu wasikie. Na hewa ya jaa letu ipimwe vivyo hivyo. Hofu isiyo na kipimo hutuibia mara mbili: hututisha pasipo na hatari, na hutulaza usingizi penye hatari.