Boksi la Zamani Halifungi Breki

Najua nimepotea, mitihani ya katikati ya muhula imenibana kweli kweli. Leo siandiki habari za kantini wala baridi ya Michigan, ingawa baridi ipo na haina adabu. Leo nataka kuongelea spea za magari ya zamani, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Wengi mnajua Jumamosi huwa nashinda gereji kwa mzee mmoja anayeishi jirani na chuo. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, yeye ana vifaa na uzoefu wa miaka mingi, basi tunasaidiana. Anafufua Pontiac GTO ya mwaka 1966. Kwa msiolijua gari hili, GTO ilianza 1964, Pontiac walipochukua gari la ukubwa wa kati wakalitia injini ya lita 6.4, ya kufungwa kwenye magari yao makubwa. Wamarekani huyaita magari ya namna hiyo magari ya misuli. Mwaka 1966 zilitengenezwa GTO 96,946, na hawakufikia tena idadi hiyo. Pontiac yenyewe haipo tena, General Motors waliifunga mwaka 2010.

Sasa wapenzi wa magari haya wana msemo wao, spea za enzi yake. Si spea yoyote iliyozeeka, jamani. Bloku ya injini ya Pontiac imeandikwa tarehe ilipomiminwa: herufi ya mwezi, siku, halafu tarakimu ya mwisho ya mwaka. A ni Januari, L ni Desemba. Ukikuta L105 kwenye injini ya gari hili, ni tarehe 10 Desemba 1965. Kama gari liliundwa Novemba 1965, injini hiyo haikutoka nalo kiwandani, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Spea lazima izaliwe kabla ya gari.

Pia kuna Pontiac Historic Services, wanaotunza kumbukumbu za kiwanda. Unawalipa, wanakutumia nakala ya karatasi inayoonyesha gari lako lilitoka na vitu gani. Ya mzee ilionyesha kabureta moja ya midomo minne. Kumbe alishapata mtu wa kumuuzia seti ya kabureta tatu, zile zilizofanya GTO ya mwaka huo itoe nguvu za farasi 360 badala ya 335. Angezifunga, bei ya gari ingepanda. Alikataa. Akaniambia, "Kijana, hilo litakuwa gari la mtu mwingine."

Maneno yale yaliniingia. Yaliniingia kupita kiasi, ndo shida ilipoanza. Nikawa mkali kuliko mwenye gari. Mzee alitaka kufunga masta silinda ya vyumba viwili, kama zilivyokuja nazo GTO za 1967. Ya 1966 ina chumba kimoja tu kinachosukuma oili ya breki kwenye magurudumu yote manne. Nikabisha. Nikamwambia hiyo ni ya mwaka unaofuata, majaji wa maonyesho wataiona na watakata alama. Halafu nikatafuta mipira ya breki ya mbele, nikaipata kwa mtu mmoja, mipya, haijawahi kufungwa, ndani ya boksi lake la miaka ya sitini. Nilifurahi kama nimeokota almasi. Hata boksi nililipiga picha.

Tukafunga. Siku ya kulitoa nje, mzee alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni. Njia ya kutoka gereji kwake inateremka hadi barabarani, na mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa amesimama kule chini anaturekodi kwa simu. Mzee akakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili pedali ikaenda mpaka sakafuni. Mpira mmoja ulipasuka, oili ikamwagika, na kwa kuwa chumba ni kimoja, magurudumu yote yakakosa breki kwa pamoja. Kilichotuokoa ni breki ya kuegeshea, ambayo kwenye gari hili unaikanyaga kwa mguu wa kushoto na inavuta waya hadi magurudumu ya nyuma. Gari lilisimama hatua kama nne kutoka kwa yule mtoto. Yeye alikuwa bado anacheka, alidhani tunamtania.

Mzee hakunifokea. Alishuka, akamkumbatia mjukuu wake, akaingia ndani. Bora angefoka.

Wadau, hii hapa hoja yangu. Chuma kinaweza kukaa miaka sitini kikabaki chuma. Mpira hauwezi. Unakauka na kupasuka hata ukiwa ndani ya boksi, hata kama hakuna aliyeugusa. Kiwandani mwaka 1966 hawakufunga mipira ya miaka sitini, walifunga mipya. Kwa hiyo mpira mpya uliotengenezwa juzi uko karibu zaidi na gari lile lilivyotoka kuliko ule wangu wa almasi. Mimi nilichagua tarehe nikasahau kazi.

Bado naamini katika spea za enzi yake. Kwenye injini, kabureta, taa, vitambaa vya viti, tafuta kilicho sahihi, na usigonge namba za uongo kwenye chuma ili upate bei. Lakini kwenye breki, matairi na mikanda, swali la kwanza liwe nani atakayekuwa mbele ya gari hilo. Ukibadilisha, andika wazi umebadilisha nini na weka kile cha zamani kwenye kabati pamoja na karatasi za gari. Hapo hujamdanganya mtu.

Nimemkumbuka babu kule Moshi na Peugeot 504 yake. Spea zilichanganywa hata sijui nusu zilitoka gari gani, na nilikuwa namcheka. Lakini mipira ya breki alinunua mipya, kila mara, hata pesa ya sukari ikikosekana.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa mzee nikiwa na hofu. Nikakuta masta silinda ya vyumba viwili iko mezani, na mipira mipya pembeni. Akanipa spana. Tukaanza kazi.

Haya, nawakilisha. Jumatatu nina mtihani, niombeeni.