CMake 4 na madesa ya zamani

Leo tuweke pembeni habari za bumu na UE, tuongee kuhusu CMake. Kwa wenzangu wa elimu ambao hawajaigusa: ni programu huria inayosoma maelekezo ya mradi wa C au C++ na kuandaa faili za kuujengea, iwe kwenye Linux, Windows au Mac. Ilianza mwaka 2000 huko Marekani, chini ya kampuni ya Kitware.

Sasa Machi 2025 likatoka toleo la 4.0, na lilikuja na panga. Mradi ukitangaza kwamba umeandikiwa toleo la zamani kuliko 3.5, bila kutaja jipya zaidi, unagoma hapo hapo. Na hiyo 3.5 yenyewe ni ya mwaka 2016! Watu wakalalamika: jana ulijengwa vizuri, leo vipi tena?

Mimi nasema walifanya sawa. Onyo lilianza kutolewa kwenye toleo la 3.27, mwaka 2023. Na tuseme ukweli, nyingi ya namba zile ni desa tu. Mtu kanakili kwa mwenzake, mwenzake naye kanakili kwa mwingine, hakuna aliyejiuliza maana yake. Kumbe namba ile ina kazi: inaiambia CMake ifuate taratibu za toleo lile. Kila utaratibu wa zamani unaobaki ni mzigo kwa watunzaji.

Ila kuna jambo moja. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa asiyesikia ni mmoja na anayevunjika guu ni mwingine! Mwenye mradi labda alishauacha zamani, anayekwama ni mwanafunzi aliyeupakua leo. Kwake upo mlango wa dharura: akiweka CMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5 wakati wa kuandaa, CMake itajaribu kuendelea. Lakini mlango wa dharura si wa kupitia kila siku jamani.

Dawa ni kurekebisha ule mstari mmoja, kujaribu kama mradi bado unajengwa, kisha kumtumia mwenyewe marekebisho. Huria maana yake si bure tu, maana yake na wewe una ruhusa ya kurekebisha. Sisi tunaosomea ualimu tungelijua hili kuliko wote: ukikuta kosa kwenye desa, usilisahihishe kwenye nakala yako peke yako ukanyamaza, maana darasa zima linanakili.

Au nyie mnaonaje?