Siasa Nje ya Mashairi

Mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, yakiwa na nchi 7. Anayepanda jukwaani ni msanii, lakini zinazoshindana ni nchi: wimbo hupelekwa na shirika la utangazaji la taifa, na watazamaji hawaruhusiwi kuupigia kura wimbo wa nchi yao. Kanuni zinakataza maneno ya kisiasa. Kasoro ya katazo hilo ni kuitafuta siasa ndani ya mashairi pekee.

Lugha peke yake yatosha kuzua mgogoro. Mwaka 1968 Joan Manuel Serrat alitaka kuiimbia Hispania kwa Kikatalani. Utawala wa dikteta Franco ulikataa. Nafasi yake akapewa Massiel, aliyeimba kwa Kihispania na kushinda London.

Ureno inafundisha zaidi. Aprili 1974 Paulo de Carvalho alikwenda Brighton na wimbo wa mapenzi, "E Depois do Adeus", akapata pointi 3 na kushika mkia pamoja na nchi nyingine 3. Usiku wa tarehe 24 mwezi huohuo redio moja ya Lisbon iliupiga. Raia walisikia muziki. Maofisa wa jeshi waliochoshwa na vita vya kikoloni vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau walisikia ishara ya kujiweka tayari kwa mapinduzi. Wimbo huo ulifaa kwa kazi hiyo kwa kuwa haukuwa na neno hata moja la kutiliwa shaka na polisi wa siri. Kesho yake udikteta uliokaribia nusu karne ukaanguka, na Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kanuni imeendelea kuyumba. Mwaka 2009 Georgia ilitakiwa kubadili wimbo ulioonekana kumkejeli Putin, ikajitoa katika mashindano ya Moscow. Mwaka 2016 Jamala wa Ukraine aliimba juu ya Watatari wa Crimea waliohamishwa kwa nguvu na Stalin mwaka 1944. Wimbo ulihesabiwa kuwa historia, ukashinda, miaka 2 tu baada ya Urusi kuitwaa Crimea.

Februari 2022, siku moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, unaoandaa mashindano haya, uliiondoa Urusi. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ulikuwa wa kisiasa. Umoja huo hauna budi kuiandika upya kanuni yake, ili kila nchi ijue mapema ni kosa gani litakaloifungia mlango.